Nilimdanganya Baba Mdogo

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, nikiwa nimeegesha gari nje ya nyumba ya mzee ninayemhudumia, simu iliita na jina la baba mdogo likatokea. Huku California kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Kwake Muheza ilikuwa alasiri, na nyuma yake nilisikia sauti za watoto na jogoo asiyejua saa. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana habari za wagonjwa, za mvua na za bei ya machungwa, kisha akafika pale alipokuwa akielekea tangu mwanzo.

"Na huyo mjukuu wangu, nasikia ameingia mwaka wa pili. Anasomea nini hasa?"

Niliangalia usukani.

"Sheria, baba."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Alhamdulillahi," alisema. "Sasa ukoo utakuwa na wakili wake."

Huyu ndiye aliyenilipia ada ya sekondari, muhula baada ya muhula, kwa machungwa ya shamba lake. Na binti yangu hasomei sheria. Anasomea historia na maisha ya Walatino wa Marekani, yaani watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, El Salvador na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, na hilo ndilo litakaloandikwa kwenye shahada yake akihitimu. Nilikuwa nimelijua kwa miezi minne siku nilipomjibu baba mdogo.

Uongo ule umenikaa kooni kama mwiba wa samaki kwa wiki sita.

Wamemkosea nini?

Mwanzoni nilijitetea kwa lugha. Kiswahili hakina jina lililozoeleka la kozi hiyo, nilijiambia, na simu ya kimataifa si mahali pa kulitunga. Ningesema anawasomea Walatino, baba mdogo angeuliza wamemkosea nini, maana kwetu mtu husomewa dua akiugua, au husomewa albadiri akiiba.

Hata wenyewe hawakubaliani kuhusu jina. Sensa ya Marekani iliwauliza watu wa kaya zote kama ni wa asili ya Kihispania mwaka 1980, ikaliongeza neno Latino mwaka 2000, na wako wazee huku ambao hawataki hata moja kati ya hayo, wanajiita Wameksiko basi, au Wachicano, jina la Wamarekani wa asili ya Meksiko lililokuwa tusi kabla vijana wao hawajalichukua na kulivaa. Halafu kuna suala la jinsia: mwanamume ni Latino, mwanamke ni Latina, na jina la idara inayomfundisha binti yangu lina herufi za mwisho nyingi kwa sababu ya ugomvi huo. Sisi tungewatatulia kwa neno moja tu, yeye, lakini hawajatuuliza.

Utetezi huo ulinifaa kwa muda wa siku tatu.

Ukweli ni kwamba sikukosa neno. Niliona haya.

Maswali mawili ya jikoni

Binti yangu aliponieleza kwa mara ya kwanza anachosomea tulikuwa tunachambua maharage. Nilimuuliza maswali mawili ambayo nadhani kila mzazi mhamiaji angeuliza: utakula nini, na kwa nini wao, si sisi?

La kwanza alikuwa amelijiandalia. Alinitajia ualimu, ustawi wa jamii, hospitali zinazotafuta watu wanaoijua jamii inayoingia mlangoni, na hata hiyo sheria ninayoipenda, ambayo huku husomewa baada ya shahada ya kwanza, vyovyote iwavyo shahada hiyo. Akaongeza kwamba mwaka 2020 California ilipitisha sheria inayomtaka kila mwanafunzi wa vyuo vikuu vya mfumo wa California State asome angalau kozi moja ya masomo ya jamii za wachache za Marekani, haya yake yakiwamo, kwa hiyo walimu wanahitajika. Nilisikiliza. Sijaridhika hadi leo, na sitajifanya nimeridhika. Mkopo wake una jina langu pia, na mkopo haujali mtu alivyopanuka mawazo.

La pili alilijibu kwa swali.

"Mama, wewe Dar ulisomea nini?"

Nilisomea fasihi ya Kiingereza. Miaka mitatu nilichambua mashairi ya watu walioona theluji kila mwaka, mimi niliyeiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na moja, tena kwa mbali, juu ya milima. Hakuna mtu Muheza aliyeniuliza kwa nini wao, si sisi. Waliniuliza tu kama nitapata kazi benki.

Nilirudi kwenye maharage. Nilijua nimepigwa, lakini kupigwa katika hoja si sawa na kukubali, na mwezi wa tisa ulipofika bado nilikuwa tayari kusema uongo.

Chualar

Kila siku ya kazi huendesha gari kutoka Salinas kwenda Soledad kwa barabara ya 101, letusi kushoto, letusi kulia, na katikati ya safari hupita kijiji kinachoitwa Chualar. Nimekipita kwa miaka tisa. Nilichokijua kuhusu Chualar ni kwamba askari wa barabarani hupenda kujificha karibu yake.

Wiki moja baada ya ile simu, binti yangu aliomba nimchukue, kwa kuwa alikuwa na kazi ya darasa. Tulipokaribia, aliniambia nipunguze mwendo, akaonyesha reli inayokwenda sambamba na barabara.

"Ni hapa, mama."

Tarehe 17 Septemba 1963, lori lililowekewa mabenchi na kugeuzwa basi lilikuwa linawarudisha wafanyakazi kutoka shambani jioni. Lilipovuka reli, treni ya mizigo ikaligonga. Watu 32 walikufa. Karibu wote walikuwa braceros, Wameksiko walioletwa kwa mkataba wa serikali mbili ulioanza mwaka 1942, wakati wa vita, kwa madai ya uhaba wa vibarua, ukaendelea hadi mwaka 1964, vita vikiwa vimesahaulika. Mikataba zaidi ya milioni 4 ilitiwa saini katika miaka hiyo. Neno lenyewe limetokana na brazo, mkono. Waliagizwa mikono.

Akaniambia habari za Ernesto Galarza, ambaye sasa namjua kana kwamba ni jirani. Alizaliwa mwaka 1905 katika kijiji cha milimani Meksiko, akaletwa California akiwa mtoto, akafanya kazi mashambani, akasoma hadi shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akarudi mashambani kuwaunganisha vibarua. Baada ya ajali ya Chualar, kamati ya Bunge la Marekani ilimpa yeye kazi ya kuichunguza. Nilikuwa nikidhani masomo haya ni ya kukaa kwenye duara na kusimuliana majonzi. Sikuwa nimefikiri kwamba kuna mtu alipaswa kujua jinsi vibarua wanavyosafirishwa, nani anamiliki lori, nani anamlipa dereva na sheria inasema nini kuhusu benchi lisilofungwa sakafuni, ili maneno "ajali ya kusikitisha" yasiwe mwisho wa habari.

Mkono wa shetani

Mzee ninayemhudumia ana miaka zaidi ya themanini. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane, lakini mgongo wake sikuubadilisha. Umepinda kuanzia kiunoni, kiasi kwamba hawezi kulala chali bila mito mitatu, na ninapomwogesha lazima nimshike kifuani ili asielemee mbele. Kwenye karatasi zake za matibabu kuna majina marefu ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Mimi niliuita uzee.

Kisha nikaona picha kwenye daftari la binti yangu: jembe dogo, mpini wake hauzidi sana sentimita 60. Kwa Kihispania liliitwa el cortito, kifupi. Wengine waliliita mkono wa shetani. Lilitumika kupalilia na kupunguza miche ya letusi na viazisukari, na aliyelishika hakuwa na njia ya kufanya kazi isipokuwa akiwa amejikunja, uso karibu na udongo, mchana kutwa.

Nikiri kwamba halikunishtua. Nimelima. Jembe letu nalo hulimwa kwa kuinama, na mama yangu aliinama maisha yake yote bila mtu kumwandikia makala. Nilimwambia binti yangu hivyo, kwa sauti niliyojutia baadaye.

Akanijibu kwamba tofauti si kuinama. Tofauti ni kwamba bibi yake alipochoka alisimama, akashika kiuno, akamwita jirani ng'ambo ya shamba wakapiga soga. Wenye mashamba wa bonde hili walidai mpini mfupi unaleta umakini, lakini ulikuwa na faida nyingine: msimamizi akiwa mbali aliweza kuona mara moja ni nani aliyenyoosha mgongo. Kusimama kulikuwa ushahidi. Mawakili wa vibarua walipeleka ushahidi wa madaktari, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya California ikafungua njia ya kuliondoa jembe hilo mashambani.

Mwaka 1975. Mzee wangu alikuwa ameshakuja kama bracero akiwa kijana wa miaka ishirini, mkataba ukaisha, akabaki.

Siku iliyofuata, baada ya uji wake, nilimuuliza kwa Kihispania changu cha kuokoteza kama alipata kulijua el cortito. Aliniangalia kwa muda. Kisha akainama kwenye kiti chake, mkono wa kulia ukashika kitu kisichokuwepo, na akaanza kupunguza miche ya letusi juu ya blanketi lililofunika magoti yake: kulia unakata, kushoto unang'oa uliozidi, unaacha mmoja, unasogea. Kulia, kushoto, unasogea. Vidole vyake, ambavyo asubuhi ile vilikuwa vimeshindwa kufunga kifungo cha shati, havikukosea hata mara moja. Alipofika mwisho wa blanketi alisimamisha mikono akacheka.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimeushika mgongo ule kila siku bila kuusoma.

Neno nililolificha

Jioni hiyo nilimsimulia binti yangu, naye akanipa mengine. Jinsi wale vijana braceros walivyopangwa uchi kwenye vituo vya mpakani wakapuliziwa DDT, unga wa kuulia wadudu. Jinsi asilimia 10 ya mishahara yao ya miaka ya mwanzo ilivyokatwa ikaitwa akiba, na wengi wasiione tena. Jinsi ambavyo mtu hakuruhusiwa kumwacha mwajiri wake hata akitukanwa.

"Kumbe walikuwa manamba," nilisema.

"Manamba ni nini?"

Wasomaji wangu wa Tanga hawahitaji maelezo, na wa Nairobi wanisamehe, maana kwao manamba ni yule kijana wa mlangoni kwenye matatu. Kwetu manamba ni kibarua wa mkataba aliyeletwa kutoka mbali kukata mkonge, aliyesafirishwa kwa treni na lori, akapewa kambi, kipande, yaani kadi yake ya kazi, na namba. Mmeksiko aliitwa mkono, Muha aliitwa namba; sijui ni lipi lililo afadhali.

Babu yangu alikuwa Muha kutoka Kigoma. Katika nyumba yetu ilisemwa kwamba alikuja Tanga kufanya biashara. Biashara gani, hakuna aliyeuliza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili bibi alipokasirika siku moja akasema mbele ya wageni kwamba yeye aliolewa na manamba na bado watu wanataka kumringia, na baba akatoka nje. Tangu hapo neno hilo lilitumika nyumbani kama tusi tu: usile kama manamba, usivae kama manamba. Nimemlea binti yangu miaka kumi na tisa na sikuwa nimelitamka mbele yake.

Nilipomaliza kumweleza alinyamaza, akachukua simu yake, akatafuta kitu.

"Mama, unajua Sisal ni nini?"

"Mkonge."

"Sisal ni bandari. Iko Yucatán."

Nilijua, kwa mbali, kwamba mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na kwamba miche ilipitia Florida. Shuleni tulikariri hilo kwa ajili ya mtihani. Kwamba kabla ya Florida mmea huo ulikuwa wa Meksiko, kwamba watu wa Yucatán nao walikatishwa jamii yake kwenye mashamba ya matajiri, hilo sikuwa nimelifikiria hata nilipokuwa mtoto nikisikia mlio wa korona, mashine ya mkonge, ikisaga majani usiku.

Nilimwambia basi, si afadhali akasomee hayo? Wanahistoria wa Dar es Salaam wameandika kuhusu vibarua wa mkonge, vitabu vipo.

"Mama," alisema, kwa Kiswahili, jambo analolifanya akiwa na hasira au huruma, "mimi hao nimewajua leo. Wa huku, mama wa jirani alinisimulia nikiwa na miaka sita, nikisubiri utoke kazini."

Sikuwa na jibu, na sijapata.

Mgeni darasani

Isije ikaonekana kwamba yeye ameingia huko kama samaki majini. Wiki ya kwanza mwanafunzi mwenzake alimuuliza kwa upole kama amepotea chumba. Alijibu kwa Kihispania cha Salinas, ambacho ni kizuri kuliko Kiswahili chake, na wenzake wakacheka, lakini alirudi nyumbani kimya. Ngozi nyeusi huulizwa maswali hata mahali palipojengwa na watu waliochoka kuulizwa maswali.

Baadaye alipata wa kumshika mkono, aliyekufa zamani. Arturo Schomburg alizaliwa Santurce, Puerto Rico, mwaka 1874, mtu mweusi aliyezungumza Kihispania, na husimuliwa kwamba mwalimu wake alimwambia watu weusi hawana historia. Alitumia maisha yake kukusanya vitabu na nyaraka za kumkanusha mwalimu huyo, na mkusanyo wake ulinunuliwa kwa ajili ya maktaba ya umma ya New York mwaka 1926; uko Harlem hadi leo. Meksiko yenyewe, katika sensa ya mwaka 2020, ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.5 wanaojitambua kuwa na asili ya Afrika. Na kuna neno ambalo binti yangu aliniletea kama paka anayeleta panya: cafre. Meksiko ni dereva mwendawazimu, Puerto Rico ni mtu asiye na adabu. Ni kafiri wetu huyuhuyu, aliyechukuliwa na Wareno kwenye pwani yetu ya Afrika, wakamgeuza jina la mtu mweusi, akavuka bahari mbili akageuka tusi la barabarani.

Masomo haya hayakuanzishwa na wakuu wa vyuo. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari wa mashariki mwa Los Angeles walitoka madarasani kudai shule zinazowaheshimu. Mwaka huohuo chuo cha Cal State Los Angeles kikafungua idara ya kwanza ya masomo ya Wameksiko wa Marekani. Novemba, wanafunzi wa chuo cha San Francisco State, weusi, Walatino, Waasia na Wahindi Wekundu, wakaanza mgomo uliodumu hadi Machi 1969. Nafasi ya Kiswahili katika vyuo vingi vya Marekani nayo ilipanuka kwa msukumo wa vuguvugu hilohilo.

Kilichodaiwa kwa mgomo kinaweza kunyang'anywa kwa sheria, na hiyo ni hofu yangu nyingine. Mwaka 2010 Arizona ilipitisha sheria iliyotumika kufunga masomo ya Wameksiko katika shule za Tucson. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho akaamua kwamba iliongozwa na chuki ya rangi. Miaka saba. Mtoto aliyekuwa darasa la kumi alikuwa ameshamaliza chuo.

Simu ya pili

Jumamosi iliyopita nilimpigia baba mdogo mwenyewe. Nilimwamkia, nikamwacha amalize habari za machungwa.

"Baba, yule mtoto hasomei sheria."

Kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

Sikuanza na Walatino. Nilianza na mzee na blanketi lake, nikaja kwenye jembe, kwenye unga wa kuulia wadudu, kwenye asilimia 10, kwenye lori la mabenchi pale Chualar. Niliongea kwa muda mrefu, kama mtu anayeogopa zamu ya mwenzake.

"Hao walikuwa manamba," alisema.

Sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo.

"Ndiyo, baba."

"Na mambo hayo yanasomewa chuo kikuu."

"Ndiyo, baba."

Alikohoa. Nilimsikia akiwafukuza watoto kutoka barazani, kisha mlango ukafungwa. Akaniambia kwamba kipande cha babu anacho. Kiko ndani ya bati la biskuti, pamoja na hati ya shamba. Bibi alitaka kukichoma siku ya arobaini, yeye akakificha, na hakuwahi kumwambia baba yangu.

"Uliniambia sheria," alisema baadaye, bila ukali.

"Nisamehe, baba."

"Mwambie anipigie yeye mwenyewe. Saa mbili asubuhi ya huku, kabla sijashuka shamba." Akanyamaza kidogo. "Kiswahili chake kikoje?"

"Kinachechemea."

"Basi nitasema polepole."